Mwongozo kamili: Kubadilisha oili ya difu na kuinua kipumulio cha gari la 4x4 nyumbani

Wenye magari ya 4x4 wengi hubadilisha oili ya difu (kasha la gia lililo kwenye ekseli) wenyewe, na wengi wao baada ya miezi michache hukuta oili ileile mpya imekuwa nyeupe kama maziwa. Wanamwaga, wanajaza, inarudi vilevile. Wengine wamebadilisha sili za magurudumu ya nyuma mara mbili tatu na bado breki zinalowa oili. Mara nyingi kosa haliko kwenye oili wala kwenye sili. Liko kwenye kikofia kidogo juu ya ekseli ambacho hakuna aliyekitazama: kipumulio.

Kubadilisha oili na kushughulikia kipumulio ni kazi moja, ifanywe siku moja, na kwa mpangilio mmoja: hewa kwanza, oili baadaye. Sababu ya mpangilio huo utaiona kwenye hatua ya 3.

Maelezo haya yanalenga ekseli ya bomba moja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndiyo iliyoko nyuma ya magari mengi ya 4x4, na mbele pia kwa magari kama Toyota Land Cruiser 70 na 80, Nissan Patrol Y60 na Y61, Land Rover Defender ya zamani na Suzuki Jimny. Kama difu yako ya mbele imefungwa kwenye chesisi na kila gurudumu lina shafti yake, hatua nyingi ni zilezile. Tofauti ni kwamba mpira wa kipumulio utahitaji ulegevu mdogo zaidi.

## Kwa nini difu inanywa maji

Difu ikifanya kazi hupata moto, hewa iliyomo ndani hupanuka, na kipumulio huitoa nje. Ukiingia mtoni ekseli ikiwa ya moto, chuma hupoa ghafla, hewa husinyaa, na ekseli huanza kuvuta. Itavuta chochote kilicho karibu, na wakati huo kilicho karibu ni maji ya matope.

Kipumulio cha kiwandani kikiwa kimekwama wazi, maji hupitia hapo. Kikiwa kimeganda kwa matope na kutu, hali ni mbaya zaidi: hewa haina njia ila kujipenyeza kwenye midomo ya sili, na maji huifuata. Barabarani mambo hugeuka, joto linasukuma na oili inatokea kwenye sili hizohizo. Ndiyo maana sili mpya inavuja wiki chache baada ya kufungwa, na fundi analaumiwa bure.

## Vifaa vya kuandaa kabla hujalala chini ya gari

Kwa upande wa oili:

- Oili ya gia ya daraja la GL-5, kwa unene uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Kwa difu nyingi ni 80W-90, 75W-90 au 85W-90. Ekseli nyingi za aina hii huchukua kati ya lita 1.5 na 3.5, na chache huzidi hapo. Nunua lita moja ya ziada.
- Wosha mpya za vizibo, kama vizibo vyako vinatumia wosha.
- Soketi ya pembe sita inayoingia sawasawa, au elenki, au ufunguo wa mraba, kulingana na kizibo. Chungulia kwanza. Toyota nyingi zina kichwa cha 24 mm. Magari mengine yana tundu la mraba.
- Mkono mrefu wa soketi, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, nyundo.
- Pampu ya mkono ya oili, au chupa laini yenye mpira mdomoni.
- Beseni la lita 5 au zaidi, chupa safi inayoonyesha ndani, vitambaa.

Kwa upande wa kipumulio:

- Mpira wa mafuta wenye kipenyo cha ndani cha 6 au 8 mm. Chukua unaovumilia mafuta. Mpira wa maji wa kawaida huvimba na kulainika ukikaa na mvuke wa oili.
- Kiungo cha chuma chenye thredi upande mmoja na mdomo wa kuvalishwa mpira upande wa pili. Usikisie thredi. Fungua kipumulio cha zamani, nenda nacho dukani, wakulinganishie.
- Filta ndogo ya petroli ya plastiki, moja kwa kila mpira.
- Klipu za mpira, vifungo vya plastiki, na raba ya kukinga mpira popote utakapopita kwenye tundu la bati.
- Tepu nyeupe ya mabomba.

Kwa usalama: miwani ya kinga, glovu, vizuizi vinne vya tairi na stendi mbili imara za gari.

## Mahali pa kufanyia kazi

Gari likae kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu yote manne chini. Magari haya yana nafasi ya kutosha kuingia chini bila kuyainua, na hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu kipimo cha oili ni sahihi tu gari likiwa limelala sawa. Ukiinua upande mmoja, utajaza pungufu au kupita kiasi bila kujua.

Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu hata kama breki ya mkono ni nzuri. Kwenye Defender ya zamani na Patrol nilizotaja, breki ya mkono haishiki magurudumu, inashika propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli, pale inapotoka kwenye transfa, kasha la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliruhusu lizunguke na gari linaweza kuondoka breki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Transfa nayo isiwe kwenye nyutro, maana hapo hata kuweka gia ya kwanza hakushikilii chochote.

Na hili halina mjadala: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

## Hatua ya 1: Legeza kizibo cha kujazia kwanza

Ekseli ina vizibo viwili. Cha chini kabisa ni cha kumwagia; cha pembeni, karibu na katikati ya kasha la difu, ni cha kujazia. Wengi huanza na cha chini kwa sababu ndicho kinachotoa oili. Kisha wanagundua cha kujazia kimeshika kutu na hakitoki. Sasa difu ni kavu na gari haliendi popote.

Safisha kizibo na eneo lake lote kwa brashi ya waya. Kama ni cha tundu, chokonoa matope yote yaliyomo mpaka uone chuma kitupu. Vizibo vingi vinavyoharibika huharibika kwa sababu elenki iliingia nusu tu, uchafu ukiwa umekaa nyuma yake.

Paka mafuta ya kulegeza kutu, ngoja dakika 20. Tia soketi hadi mwisho, shika mkono mrefu, vuta kwa nguvu inayopanda taratibu. Kizibo hufunguka kinyume na mwendo wa saa ukikitazama uso kwa uso. Ukilala chali chini ya gari akili huchanganyikiwa, kwa hiyo chora mshale kwa chaki kabla ya kuvuta.

Kikigoma, jaribu kwanza kukikaza kidogo, kisha kilegeze. Kikiendelea kugoma, weka kipande cha chuma juu ya kichwa chake upige nyundo mara kadhaa, mapigo mafupi makavu. Mtikisiko huvunja kutu iliyoshikana kwenye thredi. Usitumie soketi ya pembe kumi na mbili, itakula kona za kichwa. Moto wa gesi muachie fundi mwenye nafasi na vifaa; chini ya gari kuna mabomba ya breki, tanki la mafuta, na oili inayosubiri kuwaka.

Ukifaulu: kizibo kinazunguka kwa mkono. Kama oili inatiririka nje kwa wingi mara tu kinapofunguka na gari limelala sawa, kumbuka jambo hilo. Ama mtu alijaza kupita kiasi, ama maji yameingia na kuinua kimo. Kirudishe kwa vidole tu.

## Hatua ya 2: Soma oili kabla ya kuimwaga

Hatua hii hurukwa sana, nayo ndiyo inayokuambia kazi iliyobaki ni ya saa moja au ya siku nzima.

Ifanye asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha bila kutembea. Maji ni mazito kuliko oili, na yakipewa muda hushuka chini kabisa, pale kilipo kizibo cha kumwagia. Ukilegeza kizibo hicho kidogo tu, bila kukitoa, matone ya kwanza ndiyo yatakayosema ukweli. Yakinge kwenye chupa safi, nusu kikombe hivi, kisha kaza tena.

Inua chupa kwenye mwanga. Oili nzuri iliyotumika ni ya kahawia au nyeusi lakini unaona mwanga ukipenya kingoni. Ukiona matone angavu yanayoteleza chini ya chupa, hayo ni maji huru, yameingia karibuni. Ukiona rangi nyeupe au kijivu iliyovurugika, maji yameshachanganywa na gia mpaka yakawa kitu kimoja na oili, na hata ukiiacha chupa wiki nzima huenda yasitengane.

Kama una wasiwasi, pasha kijiko cha chuma mpaka kiwe cha moto sana, mbali na gari, ukiwa na miwani, kisha dondoshea tone moja. Oili isiyo na maji itatanda na kutoa moshi kidogo. Yenye maji itaruka na kutoa mlio wa kukatika-katika.

Kama sampuli ina maji, usiendeshe gari kabla ya kumwaga. Kama ni safi, utaendesha kidogo baada ya hatua ya 4 ili oili ipate moto.

## Hatua ya 3: Toa kipumulio cha zamani

Kiko juu ya bomba la ekseli, kwa kawaida kando ya kasha la difu, kimefunikwa na udongo mwingi. Baadhi ya magari tayari yana mpira mfupi unaopanda hadi kwenye chesisi. Fuata mpira huo utakipata.

Safisha eneo kwa brashi, kisha futa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ili vumbi lishike kwenye kitambaa. Fungua kipumulio polepole. Ukisikia hewa ikitoka kwa mlio, umeshapata jibu la sili zako zilizokuwa zikivuja.

Hata ukisafisha vipi, chembe fulani za kutu zitaanguka ndani. Hapa ndipo mpangilio unapojieleza: ukishughulikia kipumulio kwanza, uchafu huo utatoka na oili ya zamani. Ukianza na oili, utakuwa umedondoshea mchanga kwenye oili mpya kabisa.

Shika kipumulio mkononi ukitikise, kisha jaribu kukipulizia kutoka chini. Kikofia kinapaswa kuinuka na kurudi. Vingi utakavyovitoa kwenye magari ya matope havisogei hata kidogo.

Zungusha tepu nyeupe kwenye thredi za kiungo kipya mara mbili, ukiacha thredi mbili za mwisho wazi ili vipande vya tepu visiingie ndani. Kaza kwa spana fupi. Bomba la ekseli pale juu si nene, na thredi zikiharibika hapo utahitaji kazi ya karakana.

## Hatua ya 4: Pitisha mpira

Usiharakishe hatua hii. Mpira uliopitishwa vibaya utakatika siku ya kwanza ekseli itakapocheza sana, nawe hutajua mpaka difu ijae maji.

Amua mwisho wake kwanza. Kwa ekseli ya mbele, mahali pazuri ni juu kabisa kwenye ukuta kati ya injini na kabini. Kwa ya nyuma, nafasi iliyo nyuma ya taa, ndani ya bodi, hufaa kwa magari mengi. Au unaupeleka mpira hadi mbele ukaishie na mwenzake. Kupandisha mdomo wa mpira juu kuliko mdomo unaovutia hewa ya injini hakuongezi kitu, kwa kuwa maji yakifika hapo injini itakuwa imeshazama. Usiuishilize ndani ya kabini. Harufu ya oili ya gia hukaa kwenye viti.

Pima urefu ekseli ikiwa imening'inia. Weka jeki chini ya chesisi upande mmoja wa nyuma, inua mpaka gurudumu lianze kuachana na ardhi, weka stendi chini ya chesisi, kisha shusha gari likae juu ya stendi. Hapo ekseli imeshuka kadiri shokapu inavyoruhusu. Mpira kati ya ekseli na mahali pa kwanza unapoufunga kwenye chesisi uwe na ulegevu wa kutosha katika hali hiyo, na ziada ya upana wa kiganja. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu linahitaji zaidi ya lilivyotoka kiwandani. Rudia upande wa pili, kisha rudisha gari chini.

Chagua njia. Ufuate mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli. Waliounda gari walishatafuta njia isiyobanwa. Lakini usiufunge kwenye mpira wa breki wenyewe. Kaa mbali na bomba la moshi kwa kiganja kizima angalau, na mbali na propela kabisa. Kila penye tundu la bati, vesha raba.

Mpira upande juu bila kushuka tena katikati. Ukiacha bonde, mvuke wa oili utapoa hapo, utajikusanya, na baada ya muda umejitengenezea kizibo cha majimaji. Pale kwenye ulegevu karibu na ekseli, zungusha mkunjo uelekee pembeni, usining'inie chini.

Mwishoni vesha filta ndogo ya petroli, mdomo ukiangalia chini ili vumbi na maji ya kuoshea gari yasitulie juu yake. Wako wanaorudisha kikofia cha kiwandani mwisho wa mpira. Mimi sikipendi hapo: kimetengenezwa kutoa hewa zaidi kuliko kuingiza, na tatizo letu mtoni ni kuingiza. Njia iwe wazi pande zote mbili.

Watu hupenda kuunganisha mipira yote kwenye bomba moja la pamoja. Linapendeza kwa macho, lakini likiziba umeziba ekseli mbili, gia boksi na transfa kwa mpigo. Kila mpira na njia yake, ndivyo ninavyoshauri, na uandike kwa tepu upi ni wa wapi.

Jaribio: toa filta, paka maji ya sabuni kwenye kiungo na kila penye klipu, kisha puliza kwa mdomo kupitia kitambaa safi. Hewa iingie bila kugoma, na pasitokee mapovu popote. Usitumie kompresa kamwe. Presha yake inapindua midomo ya sili kwa sekunde moja, na hapo utakuwa umezalisha kazi kubwa kuliko hii.

## Hatua ya 5: Mwaga oili ya zamani

Kama sampuli ilikuwa safi, endesha gari dakika 15. Oili yenye uvuguvugu hutiririka na kubeba chembe zilizotulia chini. Kama ilikuwa na maji, mwaga ikiwa baridi.

Toa kizibo cha kujazia, weka beseni, kisha toa cha kumwagia. Oili hairuki moja kwa moja chini. Huanza kwa mkunjo kisha hurudi nyuma, kwa hiyo weka beseni pana. Acha idondoke dakika 20 hadi 30.

Wakati huo chukua kizibo chenye sumaku ukiangalie vizuri. Sumaku itakuwa imevaa uji mzito wa kijivu. Sugua kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa laini bila chembe unazohisi, hiyo ni chuma inayotokana na gia kusuguana kwa kawaida. Ukihisi punje, tazama tena kwenye mwanga. Vijisehemu vyembamba vinavyong'aa mithili ya sindano, au kipande chenye kona, ni jino la gia au beringi inayovunjika. Hapo oili mpya haitaponya chochote. Zifungie chembe hizo kwenye mfuko, zipeleke kwa fundi wa difu kabla hujaendesha mbali.

Safisha sumaku mpaka ing'ae.

Oili ya zamani iweke kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke panapopokelewa oili chafu. Usiimwage ardhini wala mtaroni. Inapoingia kwenye maji ya kisima haiondoki kwa miaka.

## Hatua ya 6: Kama kulikuwa na maji, suuza

Waliokuta oili safi waruke hapa.

Kumwaga mara moja hakutoi maji yote. Mengi hujificha kwenye mabomba mawili ya ekseli, kushoto na kulia, mbali na kizibo. Inua upande wa kushoto, uweke kwenye stendi chini ya bomba la ekseli, subiri dakika 10 majimaji yarudi katikati na kutoka. Shusha, fanya upande wa kulia.

Kisha jaza oili ya gia ya bei nafuu ya daraja lilelile, endesha kilomita 10 hadi 20 kwa mwendo wa taratibu bila kubeba mzigo, mwaga ikiwa ya moto. Ikitoka na weupe, rudia. Difu iliyokaa na maji muda mrefu huenda ikahitaji mara mbili au tatu.

Usisuuze kwa dizeli au mafuta ya taa kisha ukaendesha. Najua ni desturi iliyoenea. Meno ya gia za difu hayagusani tu, yanateleza moja juu ya jingine kwa mgandamizo mkubwa, na tabaka la oili ya GL-5 ndilo linalozuia chuma kulamba chuma. Dizeli haina tabaka hilo, na inayobaki kwenye pembe itaendelea kupunguza makali ya oili mpya.

Kagua pia beringi za magurudumu ya ekseli hiyo. Maji yaliyofika kwenye difu mara nyingi yamepita huko au yameelekea huko.

## Hatua ya 7: Funga na ujaze

Vesha wosha mpya kwenye kizibo cha kumwagia, safisha thredi, anza kukizungusha kwa vidole. Kikikataa kwa vidole, kimeingia upande. Kitoe uanze upya. Kaza kwa kipimo cha Nm kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako, kwa spana ya kupimia mkazo. Vizibo vingi vinavyovuja vimekazwa kupita kiasi mpaka wosha ikapasuka, na wengi wanaovikuta vinavuja huzidi kuvikaza.

Pampu oili kupitia kizibo cha juu. Siku ya baridi, tumbukiza chupa za oili kwenye ndoo ya maji ya moto kwanza, itapita kwa urahisi. Ikianza kutoka kwenye tundu, simama na usubiri dakika 10. Oili inahitaji muda kufika kwenye mabomba ya ekseli, na kimo kitashuka. Ongeza tena mpaka itiririke kidogo na kuacha yenyewe. Ingiza ncha ya kidole: oili iguse mdomo wa chini wa tundu, au iwe milimita chache chini yake.

Angalia mambo mawili:

Kwanza, difu yenye diski ndani yake za kuzuia gurudumu moja kuteleza inataka oili iliyoandikwa LS, au kiongezeo chake. Ukisahau, utasikia mtetemo na mikwaruzo ukikata kona kali polepole.

Pili, kama gari limeinuliwa na ekseli ikazungushwa kurekebisha pembe za usukani au propela, tundu la kujazia halipo tena kwenye kimo cha mwanzo. Usifuate tundu. Pima lita kama kitabu kinavyosema.

Kizibo cha kujazia kikae na wosha mpya vilevile. Futa ekseli nzima iwe kavu, ili uvujaji wowote uonekane.

## Hatua ya 8: Hakikisha

Endesha kilomita 10, rudi, lala chini utazame. Vizibo viwe vikavu. Ndani ya magurudumu ya nyuma kuwe kukavu. Gusa mdomo wa filta ya kipumulio: unyevu kidogo wa oili ni kawaida, lakini oili inayodondoka ina maana umejaza kupita kiasi.

Ekseli ya mbele ya aina ya Land Cruiser 80 tazama vifundo vya magurudumu. Ukiona uji mweusi mwembamba ukishuka kwenye tufe la kifundo na tairi, sili ya ndani ya shafti imechoka, na oili ya difu inaingia kwenye grisi ya kifundo. Kipumulio kipya kitapunguza presha, hakitafufua sili iliyokwisha.

Gia boksi na transfa nazo zina vipumulio, na mpira hupitishwa kwa njia ileile. Lakini usizitie oili ya difu kwa mazoea. Gia boksi nyingi za mkono hutaka GL-4, kwa kuwa baadhi ya oili za GL-5 huharibu pete za shaba zinazosaidia kubadili gia, na transfa nyingine hutumia ATF, yaani oili ya gia boksi za otomatiki.

## Baada ya kuvuka maji

Kabla ya kuingia mtoni, simama ekseli zipoe kidogo. Hata dakika 10 zinapunguza mvuto. Ukishatoka, lengo ni kuwahi kabla maji hayajachanganyika na oili.

Kama maji yalifika juu ya katikati ya magurudumu, asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha gari, rudia sampuli ya hatua ya 2. Matone ya kwanza yakiwa oili tupu, kaza na uendelee na safari. Kila safari ya maji marefu ifuatwe na sampuli hiyo, na oili yenyewe ibadilishwe kwa ratiba ya kitabu; kwa magari mengi ni kama kilomita 40,000 kwa matumizi ya kawaida, na nusu yake kwa matope, mizigo na mchanga.

Matone yakiwa na maji, kagua mpira kuanzia kwenye kiungo hadi kwenye filta kabla ya kugusa oili. Tafuta mahali ulipokwaruzwa, klipu iliyolegea, au mkunjo uliojaa majimaji. Rekebisha hapo, kisha nenda hatua ya 5 na ya 6.